Mpira wa Uani

Ukiuacha mji wa Muheza na kushika barabara iendayo Amani, utapita nyumba nyingi zilizozungushiwa ua wa miti yenye majani ya muhogo, ila yenyewe mirefu kupita paa. Huku kwetu tunaiita mpira. Haipaliliwi, haitiwi samadi, na mtoto akivunja tawi kwenda kuchezea hakuna anayemkemea. Fito zake ukizichomeka ardhini masika zinashika zenyewe, na mwaka ukipita una ua.

Marehemu bibi yangu, Mbondei wa damu, alichuma majani ya mpira asubuhi umande ungali mbichi. Alichagua machanga ya juu tu. Utomvu mweupe ulimganda vidoleni, naye aliufuta kwa jivu kabla hajashika mchi. Jani la mpira ni gumu kuliko la muhogo. Hutwangwa mpaka lipoteze umbo, huchemshwa na maji yake ya kwanza kumwagwa, kisha hurudishwa jikoni kwa muda mrefu, ndipo likatiwa tui. Tulikila kile kisamvu kwa bada, ugali wa unga wa makopa, na samaki mkavu kutoka Pangani akipatikana. Bibi alikuwa akisema kisamvu cha muhogo ni cha kila siku, cha mpira ni cha mgeni.

Nilikua nikijua mpira ni ua na ni mboga, basi. Nilisomea kilimo, nikaajiriwa kuwa bwana shamba katika tarafa za bondeni, na miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kwamba mti ule wa uani ni ndugu wa muhogo kwa ukoo, na kwamba muhogo mwingi unaoliwa leo kuanzia Ibadan hadi Uganda umebeba damu yake. Mchanganyo wenyewe ulifanyika mlimani juu yetu, Amani, mahali ambapo nikiwa kijana nilipaona kama kituo cha malaria na mapori ya Wajerumani tu.

Kilichonifikisha huko ni muhogo uliooza. Mama mmoja wa upande wa Ngomeni alinitumia mtoto aje kuniita. Nilipofika, shamba lake lilikuwa la kupendeza, mashina mazito, majani ya juu mabichi kabisa. "Bwana shamba," aliniambia, "kwa macho yako hili shamba lina ugonjwa?" Nikainama. Majani ya chini yalikuwa na umanjano uliofuata mishipa, na kwenye shina kulikuwa na michirizi ya rangi ya kahawia. Aling'oa shina moja, akakata muhogo mnene kwa panga. Ndani, katikati ya weupe, kulikuwa na mabaka makavu ya kahawia, magumu kama kizibo cha chupa. Akakata wa pili na wa tatu, hali ni ile ile. Hakulia wala hakulalamika. Alikuwa akipanga vile vipande juu ya jani la mgomba, kizima huku, kibovu kule, na rundo la vibovu likawa linapanda. "Mbuzi nao hawautaki," alisema. Kisha akaniuliza swali ambalo kila mtu wa ugani analiogopa: apande mbegu gani msimu ujao?

Ugonjwa ule, michirizi ya kahawia, una ukatili wa aina yake. Batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, angalau hujionyesha. Jani hujikunja na kuwa na madoadoa, ukapita shambani ukajua umeingiliwa. Huu wa michirizi unamwacha mkulima apalilie, asubiri mwaka mzima, ahesabu chakula cha watoto wake juu ya shamba la kijani, kisha siku ya kuvuna ndiyo ya kujua. Magonjwa yote mawili yanaletwa na virusi, yote mawili huenezwa na inzi weupe wadogo na kwa pingili tunazopeana jirani kwa jirani. Na kwa sababu muhogo tunaupanda kwa pingili, shamba zima, pengine kijiji kizima, huwa ni mmea mmoja uliojirudia. Kirusi kikishaufahamu mmoja, kimeifahamu yote.

Jibu la yule mama nilikwenda kulitafuta katika majarida ya zamani ya kilimo, na majarida yakanirudisha nyumbani. Batobato iliandikwa kwa mara ya kwanza duniani mwaka 1894 na Mjerumani Otto Warburg, katika maelezo yake ya mazao ya Usambara. Michirizi ya kahawia ilitambuliwa kuwa ugonjwa wa peke yake mwaka 1936 na H. H. Storey, Mwingereza aliyefanya kazi Amani. Kwa hiyo maradhi mawili makubwa ya muhogo barani Afrika yalijulikana kwanza huku huku kwetu, katika milima na mabonde ya Tanga.

Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kuwa taasisi ya kilimo na elimu ya viumbe. Walikusanya mimea kutoka kila pembe ya nchi za joto, wakaipanda kwenye miteremko kuanzia Zigi hadi juu, kuona kipi kitaleta fedha. Mpira huu wa uani, uliotoka jimbo la Ceará kaskazini mashariki mwa Brazil, ulikuwa mmoja wa wageni waliotegemewa sana. Walowezi waliupanda mashamba kwa mashamba ili waukamue utomvu. Mwaka 1913 bei ya mpira ikaanguka, kwa kuwa mashamba ya Asia yalikuwa yakitoa mpira bora kwa gharama ndogo. Mashamba mengi yakang'olewa kupisha mkonge, mengine yakaachwa yawe mapori. Mti ukabaki kwa watu wa kawaida, nao wakaufanya ua wakala na majani yake.

Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walipotafuta dawa ya batobato katikati ya miaka ya 1930, walikusanya kwanza aina za muhogo kutoka nchi nyingi. Zipo zilizostahimili kidogo, lakini hakuna iliyotosha. Ndipo wakageukia jamaa wa muhogo wasiolimwa, na katika hao aliyewafaa zaidi ni huyu aliyekuwa amesimama kwenye nyua za wanakijiji. Kazi ilikuwa ya mkono. Ua la kike la muhogo hufunguka kwa muda mfupi, ukachukua chavua ya mpira ukaipaka, ukafunika, ukangoja tunda lenye mbegu tatu. Chotara wa kwanza walikuwa na afya, ila mizizi yao ilikuwa myembamba na ya kuni, haifai chunguni. Wakamrudisha chotara kwa muhogo, na mtoto wake tena kwa muhogo, na mjukuu tena, kila mara wakitupa wanaougua na kubakisha wazima. Baada ya kurudia hivyo mara tatu mizizi ilinenepa na kinga haikupotea. Nichols alichapisha taarifa ya kazi hiyo mwaka 1947, na baada yake D. L. Jennings akaiendeleza katika miaka ya 1950.

Kuna jambo katika kisa hiki ambalo kila nikilifikiri linanitikisa. Batobato ni ugonjwa wa Afrika na Asia. Huko Brazil alikotoka mpira, na alikotoka muhogo wenyewe, haupo. Mti ule haukuwahi kupigana na kirusi hicho katika kizazi chake chochote kwao, hata hivyo ulikuwa na kinga yake. Mtu yeyote mwenye busara mwaka 1914, akiulizwa kama mpira una thamani ya kuachwa, angejibu kwamba soko limekufa, mti ung'olewe. Angekuwa amesema kweli kwa yote yaliyojulikana siku ile. Thamani yake ilikuwa dhidi ya adui ambaye mti huo kwao haukuwahi kukutana naye.

Kutoka Amani, mbegu za chotara aliyepewa namba 5318/34 zilipelekwa Nigeria, katika kituo cha Moor Plantation, Ibadan. Kutokana nazo ikachaguliwa aina iliyoitwa 58308, na taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto ilipoanza kuzalisha muhogo hapo Ibadan mwanzoni mwa miaka ya 1970, 58308 ndiyo ilikuwa chimbuko la kinga yao. Moja ya aina zilizozaliwa, TMS 30572, ilienea nchi nyingi za Afrika. Batobato kali ilipoikumba Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, watu wakaacha kulima muhogo wilaya kwa wilaya, mbegu hiyo hiyo ilikuwa mojawapo ya zilizopelekwa vijijini, Waganda wakaiita Migyera. Mimi nikisoma habari hizo nilikuwa naona mikono ya bibi na utomvu ule wa asubuhi.

Habari ya michirizi ya kahawia ina njia nyingine, na ndiyo iliyonifundisha zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Pili utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga, Kenya, majengo ya Amani yakakabidhiwa watu wa malaria, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 kazi ya muhogo ilikuwa imefungwa. Vitalu vikaota nyasi. Lakini chotara mmoja, namba 46106/27, alikuwa ameshatoka akaingia mashambani mwa watu. Pwani ya Kenya wakulima walimlima wakimwita Kaleso. Kusini mwa Tanzania walimlima wakimwita Namikonga. Hakuna aliyejua kwamba ni mmea mmoja mpaka wataalamu walipolinganisha vinasaba vyao. Michirizi ya kahawia ilipotokea Uganda mwaka 2004 na kuendelea, watafiti walihitaji kinga kwa haraka, nao wakaipata kwa Namikonga. Leo ni mmoja wa wazazi wanaotumika katika kuzalisha mbegu kinzani, Naliendele kule Mtwara na Kibaha mkoani Pwani.

Nani alimhifadhi kwa ile miaka yote ambayo hakukuwa na kituo wala mshahara? Walikuwa akina mama wa Kilifi na Mtwara, waliokata pingili kila msimu kwa sababu muhogo ule ulikuwa hauozi na watoto waliupenda. Hawakuwa na rejista wala kibao. Walikuwa na sababu ya kuupanda tena, na ilitosha.

Basi nikaanza kupanda mlimani, mara nyingi kwa likizo yangu, kuangalia ni jamaa gani wengine wa mazao wamebaki humo. Mzee mmoja aliyekuwa akiwaongoza wageni katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani alikubali kunitembeza. Misitu hii ya Usambara Mashariki inajulikana duniani kwa ua dogo la zambarau ambalo Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa Kijerumani, alilipeleka kwao mwaka 1892, na sasa linauzwa kwenye vyungu katika madirisha ya Ulaya na Marekani. Mimi sikuja kwa ajili ya ua. Nilimwomba anionyeshe kahawa.

Tuliacha njia tukashuka kwenye kijito. Chini ya miti mikubwa, mahali ambapo jua hufika kwa vipande, alishika tawi la kichaka chembamba. Majani yake yalipangika mawili mawili yakielekeana, yakiwa na mng'ao. Penye kikonyo palikuwa na tunda dogo, nikalibonyeza kwa kucha, zikatoka mbegu mbili zimelaliana tumbo kwa tumbo. Ilikuwa buni kamili, ila ndogo mno kwa biashara. "Hii haina kazi, mwanangu," mzee alisema kwa upole. "Kuni zake zinaungua mara moja, na mbegu zake nani atakaa azichume?" Nilimsikiliza kwa heshima, nikijua kwamba ndivyo ulivyosemwa mpira.

Usambara Mashariki ina kahawa yake ya mwituni, Coffea mongensis, iliyopewa jina la Monga, jirani na Amani. Katika misitu ya tambarare ya pwani, huku na upande wa pili wa mpaka Kenya, iko nyingine, Coffea pseudozanguebariae, ambayo mbegu zake kwa asili hazina kafeini. Kufikia mwaka 2019 zilikuwa zimetambuliwa spishi 124 za kahawa duniani. Biashara yote kubwa imesimama juu ya mbili, arabika na robusta. Uchunguzi uliochapishwa mwaka huo na wataalamu wa bustani ya Kew, Uingereza, ulionyesha kwamba asilimia 60 ya spishi hizo ziko hatarini kutoweka. Tanzania ni moja ya nchi zenye nyingi kati ya hizo, na nyingine zinajulikana kutoka msitu mmoja au miwili tu.

Historia ya hapa inaongeza uchungu. Katika miaka ya 1890 Wajerumani walifyeka sehemu za msitu huu huu, Derema na Bulwa, ili wapande arabika. Ardhi haikuifaa, wadudu waliitoboa, na mashamba yakafa mapema. Chai ilikuja baadaye kushika nafasi. Waliofyeka walikuwa wakikata kahawa za porini zinazoujua udongo ule, mvua ile na wadudu wale tangu zamani, ili wapande ngeni iliyokuwa haiujui.

Kuna wenzangu wanaosema tusihangaike na msitu, kwani zipo benki za mbegu, tukusanye mbegu tuzigandishe. Ninaiheshimu kazi hiyo, na kituo chetu cha taifa cha nasaba za mimea kule Arusha kinastahili kuongezewa nguvu. Kwa mtama mwitu, mpunga mwitu wa mabondeni, au ndulele, huyu ndugu wa bilinganya tunayemkanyaga njiani, friji inafaa. Lakini mbegu ya kahawa haivumilii kukaushwa na kugandishwa kama ya mtama, hufa baada ya muda. Kahawa huhifadhiwa ikiwa imesimama, hai, inazaa na kuzaana. Hata kwa zile zinazovumilia friji, mbegu iliyogandishwa mwaka huu inabaki ilivyokuwa mwaka huu, wakati wadudu na magonjwa yanabadilika nje. Mmea ulioko porini unabadilika nayo.

Lakini msitu wenyewe una wenyewe, na hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya watu wa hifadhi. Kwa miongo mingi wakulima wa Usambara Mashariki walilima iliki chini ya kivuli cha miti. Iliki ililipa ada za shule na kujenga nyumba za bati. Pia ilipunguza msitu, kwani mkulima alifyeka miche ya chini na kuiacha mikubwa peke yake, na iliyofyekwa ni pamoja na vichaka kama ile kahawa ya kijitoni. Serikali ilipouchukua ukanda wa Derema katika miaka ya 2000 ili kuunganisha misitu, wakulima walilipwa fidia ya mazao na kuondolewa. Ninaamini ukanda ule ulihitaji kulindwa. Ninaamini pia kwamba ulilindwa kwa namna iliyomfanya jirani wa msitu auone msitu kama mali iliyotoka mikononi mwake. Niliwahi kukaa kwenye baraza moja huko juu nikauliza nani anaweza kunitajia kahawa ya porini. Wazee walijua wapi inapoota. Vijana hawakuwa wamewahi kuiona, kwa kuwa hawakuwa tena na sababu halali ya kuingia.

Mlinzi wa mpaka anaweza kuzuia shoka. Hawezi kuzuia watu wasahau. Kaleso ilinusurika kwa sababu ilipikwa. Kahawa ya Monga haiwezi kupikwa ikawa riziki, kwa hiyo inahitaji sababu nyingine ya kukaa vichwani mwa watu, na sababu hiyo lazima itengenezwe kwa makusudi. Bustani ya mimea ya Amani ina nafasi na kivuli cha kutosha kuwa na kitalu cha kahawa zote za asili za Tanzania, zilizopandwa na vijana wa vijiji vya jirani, wakalipwa, wakajua kila moja inatoka wapi. Shule za Muheza na Korogwe zinaweza kuja kuiona.

Wasiwasi wangu mkubwa, hata hivyo, hauko mlimani. Amani ina sheria tangu 1997 na ina wageni. Misitu midogo ya tambarare, ile iliyobaki katikati ya mkonge, michungwa na mashimo ya chokaa, kuanzia Mkinga hadi Pangani, haina hayo. Mingine imesimama kwa sababu ni mizimu ya ukoo, watu wanaiogopa na kuitunza. Humo ndimo mna kahawa isiyo na kafeini, mna kunde za porini, mna viazi vya mwitu kama ndiga ambayo wazee wetu waliiloweka mtoni kutoa sumu wakati wa njaa. Mzee mwenye mzimu akifa na mrithi wake akawa anaishi mjini, eneo linapimwa viwanja. Sheria ya misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia. Maafisa wa wilaya waanzie hapo, na waanzie sasa, wakiwa na mtaalamu wa mimea anayekwenda kuorodhesha kilichomo pamoja na wenye mzimu kabla ya mpima ardhi kufika.

Kwenye mkutano mmoja wa kijiji kijana alinyanyuka akaniuliza faida ya vichaka hivi itaonekana lini. Swali lilikuwa la haki, nikampa hesabu ilivyo: tangu Nichols apake chavua ya mpira kwenye ua la muhogo mpaka Migyera ifike kwa mkulima wa Uganda, karibu miaka sitini. Akasema, "Basi mzee, mimi nitakuwa nimelinda kwa ajili ya nani, na nitakula nini?" Watu wakaguna kumkubali. Nikamwambia kwamba ninakubaliana naye, kijiji kisidai ulinzi wa bure kutoka kwa mtu mwenye njaa. Sehemu ya viingilio vya watalii na ya fedha za utafiti iingie kwenye mfuko wa kijiji kwa makubaliano yaliyoandikwa, na mbegu ikichukuliwa msituni kwenda kuzalishwa popote, mkataba wenye jina la kijiji uende nayo. Mwenyekiti akaniomba niyaandike hayo kwa Kiswahili chepesi yasomwe mkutano ujao, nami nikayaandika.